Rupia za Tembo Chini ya Kitanda cha Baba

Mama Benedikta mpendwa,

Nakusoma kila gazeti linapofika huku Bariadi, hata likiwa la wiki iliyopita, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekaa kukuandikia mimi mwenyewe, lakini nimekwama, naomba unisaidie, maana hapa kwetu kila ninayeweza kumwambia ni ndugu, na ndugu ndio jambo lenyewe.

Mimi ni mwanamume mwenye mke na watoto, ni karani wa mizani kwenye kampuni moja ya hizi za watu binafsi zilizoingia kununua pamba, na nyumbani kwetu ni Zagayu, ambako baba yangu, Mzee Nyanda, yuko kitandani tumbo limevimba, hospitali wamemrudisha wakasema tumpe chochote anachotamani kula, na wewe ni mtu mzima, unaelewa maana ya maneno hayo.

Tangu ujana wangu nakusanya sarafu za zamani. Nilianza kanisani nilipokuwa nasaidia kuhesabu sadaka, maana bibi zetu walikuwa wanatoa chochote wanachokikuta ndani ya vibuyu, senti za mkoloni zenye tundu katikati, shilingi za simba, hela za shaba za Mjerumani, na padri alikuwa ananipa mimi zile zisizotumika kwa kuwa aliona nazipenda, akanifundisha kuangalia kichwa cha mfalme, maandishi, meno ya ukingoni, na alipohamishwa akaniachia kioo chake cha kukuzia. Kijijini wakaanza kuniita Mtaalamu, nami sikukataa, jina lilinipendeza.

Sasa Mama, wewe unajua mambo yalivyobadilika. Zamani josho letu lilikuwa na dawa ya serikali, ng'ombe wanaogeshwa, sasa dawa ni ya kununua na josho limekauka, mbuzi wanalala humo, na ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini kwetu ukaua ndama na mama zao, kisha wezi wakachukua wengine wakavuka nao kuelekea porini. Siku moja baba akasema, "Ng'ombe anakohoa, ng'ombe anaibwa. Dhahabu hailali nje." Alikuwa ameshakutana na mtu mmoja wa Lamadi anayeitwa Januarius, anauza samaki wakavu na pia anawauzia wazungu wa mbugani vitu vya kale, na huyo ndiye aliyemwambia habari za rupia za tembo, zile za dhahabu alizopiga Mjerumani pale Tabora wakati wa vita ya kwanza. Rupia hizo zilikuwepo kweli, padri alinionyesha picha ya mojawapo kitabuni, tembo amenyanyua mkonga na nyuma yake milima.

Baba akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, mtu atajuaje kama ni ya kweli?" Nami nikiwa na haraka ya kurudi mizani, nikamjibu mguu mmoja uko kwenye baiskeli, kwamba dhahabu na fedha havishikwi na sumaku. Nilisema hilo tu. Ni kweli havishikwi, lakini hata shaba haishikwi, na hilo sikulisema. Baba akafungua spika ya redio yake mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kamba akaivaa shingoni, na kila Januarius alipokuja yeye aligusisha tembo mmoja mmoja, wasiponasa anakwenda zizini anamwonyesha ng'ombe wa kuchukua. Na mbele ya wazee akawa anasema, "Mwanangu msomi ndiye aliyenifundisha."

Siku moja nilimkuta Januarius pale nyumbani, akanipa tembo mmoja nimwangalie, nikamshika bila kutoa kioo mfukoni, nikasema anafaa, na siku hiyohiyo akanizawadia rupia moja ya fedha, ile ya Kaiza, mfalme wa Wajerumani, mwenye kofia ya tai, ya kweli kabisa, nilikuwa naitafuta miaka mingi, akasema ni zawadi kwa mtu anayejua thamani, nikashukuru, tukanywa chai, tukaachana vizuri.

Mwezi uliopita baba akaniita. Akamwambia mayu, mama yetu, atoke nje kidogo, akanituma nivute kopo chini ya kitanda. "Ziangalie vizuri," akasema. Nikatoa kioo. Mama Benedikta, nikaziangalia moja moja. Kila tembo alikuwa na kovu dogo chini ya tumbo, mahali palepale, umbo lilelile. Sarafu inaweza kukwaruzika popote, lakini haziwezi kukwaruzika zote sehemu moja, maana yake zimemiminwa kwenye kalibu moja na kovu ni la kalibu. Na nilipozipima kiganjani zilikuwa nyepesi, dhahabu haiwi hivyo, hizi ni koki za bomba za shaba zilizoyeyushwa. Ng'ombe wa baba wamekuwa koki za bomba!

Baba akasema, "Zikoje?" Nikasema, "Ni zenyewe, baba." Akasema, "Ziangalie tena." Nikajifanya naangalia, nikasema, "Ni zenyewe." Akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena, nikamshukuru Mungu kwamba ameridhika.

Lakini haikuishia hapo. Wamebaki ng'ombe wachache, hao ndio wa mahari ya mdogo wangu Masalu, aliyewachunga tangu akiwa mtoto wakati mimi nasoma, na binti anayemuoa, Milembe, kwao wameshakubali, wanangoja mifugo tu. Januarius ameleta habari kwamba siku ya mnada, mwisho wa mwezi, atakuja kuwachukua hao waliobaki na kuleta tembo wa mwisho, ili mzee agawe urithi usiokohoa. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Amesema, "Mwulizeni Mtaalamu." Masalu amenifuata mpaka mizani, amesimama juani ananitazama, "Kaka, unasemaje? Mimi sijui mambo hayo, wewe ukisema ndiyo, ni ndiyo." Nikamwambia angoje.

Mke wangu Esteria ndiye pekee anayejua, na anasema, "Mwache mzee afe na furaha yake, ukimwambia utamwua kabla ya siku zake." Nikimwambia Masalu, ataita sungusungu, walinzi wa kijiji, wamkate Januarius mapanga, na jina la baba litakuwa kichekesho kwenye pombe, mzee aliyebadilisha zizi kwa koki. Na nikinyamaza, Masalu hana ng'ombe, hana mke. Nimwambie baba? Nimwambie Masalu kwa siri? Au nitafute sababu nyingine ya kumzuia Januarius mpaka baba apumzike, halafu tuone? Mizani nasoma vibaya, jana mkulima amenitukana na alikuwa na haki.

Ni mimi,
Mtaalamu, Bariadi

MAMA BENEDIKTA ANAJIBU:

Mtaalamu, pole kwa ugonjwa wa baba. Hiyo pole imetoka moyoni, ishike vizuri, maana nyingine leo sina.

Umeandika kurasa nne, na katikati, baina ya tembo na chai, umepenyeza rupia ya fedha yenye kofia ya tai, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mimi nimesimama hapo. Hakuna mfanyabiashara anayegawa rupia ya kweli bure, tena kwa mtu anayeijua! Januarius alijua kwamba Zagayu nzima ni wewe peke yako ungeweza kumwumbua, akakununua kwa bei ndogo kuliko ndama. Sisemi ulijua siku ile. Nasema kioo kilikuwa mfukoni mwako na hukukitoa, kwa sababu macho yalikuwa kwa Kaiza. Na wewe ni karani wa mizani! Kutwa unanyanyua magunia, lililotiwa maji unalijua kabla halijafika kwenye ndoano. Mkono huohuo ulishika tembo wa shaba ukasema anafaa. Ebo!

Habari ya sumaku sikugombezi sana. Ulimpa mzee nusu ya somo kwa kuwa ulikuwa na haraka, na watoto wengi tumewajibu wazazi wetu mguu mmoja ukiwa kwenye baiskeli. Tunasamehewa hayo tukirudi kumalizia somo. Wewe ulirudi, ukakaa kitandani kwake, ukapewa nafasi mara mbili, ukamdanganya mara mbili.

Sasa nisikilize, kwa sababu nadhani jambo zito kuliko yote umeliandika bila kuliona. Baba yako ni mfugaji. Mtu kama huyo anamtoa ng'ombe wake katikati ya kundi la mifugo ya watu kwa alama ya sikio, kwa kovu la mguuni. Hajui kusoma maandishi ya Mjerumani, sawa, lakini kovu analijua, na amelala juu ya kopo hilo miezi mingapi hana kazi nyingine ya kufanya? Alimtoa mama yako nje ili asisikie. Akakuuliza wewe peke yako. Ukajibu, akakuambia angalia tena. Mtu aliyeridhika na jibu harudii swali. Wewe unamshukuru Mungu kwamba alitulia. Mimi simjui baba yako na sitaapa, ila katika barua yako mwenyewe namwona mzee aliyegeukia ukuta kwa sababu hakutaka kuendelea kumtazama mwanawe.

Na Januarius alipotaka wale waliobaki, mzee alisema nini? Angekuwa anaiamini dhahabu yake angesema, "Wachukueni." Alisema mwulizeni Mtaalamu. Mwanangu, huo si ujinga wa mgonjwa. Anakungoja.

Mkeo Esteria ana huruma, mpe salamu zangu, lakini amani anayoitetea ni ya kwenu ninyi wawili. Ya mzee imekwisha zamani.

Basi acha kungoja mwisho wa mwezi. Omba ruhusa kesho, wakikunyima nenda hivyohivyo, kazi ya mizani itapatikana kwa kampuni nyingine, siku hizi zinaota kama uyoga. Ukifika Zagayu usianze na hadithi ndefu. Kaa karibu na kichwa chake umwambie tembo ni wa bandia, umwambie na kilichokosekana kwenye somo la sumaku, umwambie na rupia uliyopewa. Hiyo rupia usiibakize, maana ukiibakiza hujasema kitu. Akilia, usimnyamazishe. Akikutukana, pokea. Kisha muulize yeye, kama mwenye mji, Masalu aitwe saa hiyo au asubiri. Mwache aamue hilo. Ameamuliwa mengi mno.

Ng'ombe wa mahari watoke zizini kabla ya mnada wapelekwe kwao Milembe, mchana kweupe, wazee wa pande zote mbili wakiona. Mfugo uliokwisha kuhesabiwa kwa wakwe, Januarius hawezi kuugusa hata akija na tembo mwenye meno. Kopo lote lipelekwe polisi pamoja na rupia yako ya Kaiza, kwa sababu ni ushahidi, na usiponiahidi hilo moyoni mwako usijisumbue kufunga safari. Najua itakuuma. Masalu akitaka kushika panga, mshike wewe kwanza, mwambie wa kukasirikiwa yuko hapa, tena ni kaka yake. Kijiji kitacheka, ndiyo, kitacheka msimu mmoja, halafu mwingine atapunjwa na wanunuzi wa pamba, nacho kitamcheka yeye. Ng'ombe waliokwenda sitakudanganya, hawarudi. Wamekwisha kuwa nyama Mwanza.

Jambo la mwisho. Barua yako imekaa njiani, na gazeti hili nalo najua linavyofika kwenu, limekunjwa na kusomwa na kila mtu aliyepanda basi. Inawezekana litakukuta uko kwenye msiba. Kama ni hivyo, nisikusikie unasema heri mzee amekufa bila kujua. Hujui alijua nini, na sasa hutajua. Mwambie Masalu siku hiyohiyo, mkiwa bado mmekaa matangani, kabla Januarius hajafunguliwa ng'ombe.

Na kama utamkuta hai, akakuuliza kwa nini ulimjibu vile mara mbili, usisingizie ugonjwa wake. Mwambie uliogopa.