Maji ya Ndimu Anayojioshea Mama

Bwenini, Morogoro

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Masasi? Mimi mzima, ila baridi inayoshuka alfajiri kutoka milima ya Uluguru inanikumbusha jiko lako.

Barua hii isome peke yako. Likizo iliyopita, nikipepeta mchele uani, nilimsikia Mama akikwambia kwamba amepimwa mara ya pili na kirusi cha HPV bado kimo kwenye mlango wa kizazi. Muuguzi anataka arudi aangaliwe zaidi. Mama akasema hatakwenda mpaka ajisafishe ndani kwa maji ya ndimu, kama ulivyomfundisha alipokuwa mwali. Sikuthubutu kumwuliza.

Juzi alikuja mhadhiri, mama wa makamo, kuzungumza na sisi wasichana. Tuliandika maswali kwenye vikaratasi bila majina. Aliposoma langu, "Je, ndimu inaondoa kirusi?", rafiki yangu wa Mlali akapaza sauti, "Mwandiko wa Zuhura huo! Shoga, una mambo!" Nilitamani kuingia chini ya dawati.

Mhadhiri hakucheka. Alisema ndani ya mwanamke wanaishi bakteria wazuri, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Wanatengeneza asidi inayolinda. Ukijiosha ndani unawapunguza, na wakipungua kirusi huelekea kukawia, ingawa wanasayansi bado wanachunguza kwa nini wengine kinawatoka chenyewe na wengine hakitoki. Nikajikuta nimesimama.

"Lakini Mwalimu, hata ndimu ni asidi!"

Akatabasamu. "Ndimu inachubua na kupita. Wale wanakaa."

Kesho yake tukaweka tone la mtindi chini ya hadubini. Bibi, ni vijiti vidogo mno! Nilichungulia mpaka nikasukumwa. Ila usimpelekee Mama mtindi ajipake, nakujua. Nimeuliza, hiyo si dawa.

Najua ulimfundisha ulichofundishwa. Nikimwambia mimi ni kukosa adabu; ukimwambia wewe ataacha. Tafadhali mpeleke kliniki wiki hii, kwani kirusi kikikaa muda mrefu bila kuangaliwa ndipo kinaweza kuleta saratani.

Nisalimie shangazi mshonaji na mjomba wa dukani. Mama naye, ukishamweleza yote, mwambie kwamba mimi pia najua, na sijamwona mchafu hata siku moja.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Zuhura