Namba Saba Kwenye Ukungu

Mjukuu wangu Veronika,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, anaanika ulezi. Unauliza kwa nini niliacha kucheza mpira nikawa mtangazaji.

Goti liliponiharibikia, enzi zile za Ujamaa, nilikuwa nimeifungia timu yetu ya Mazwi mabao arobaini na moja. Nahodha akanipa kipaza sauti, kama mtu anayetoa pole. Niliumia. Nilitaka nafasi yangu.

Mechi ya kwanza tu, ukungu ukashuka uwanjani, watazamaji wakawa wanautegemea mdomo wangu, mimi niliyesimama kando ya mstari. Nikatangaza: "Namba saba anampita mmoja, anampita wa pili, bao!" Mwamuzi akaweka mpira kati.

Nahodha akanijia mbio. "Bwana Mabao, saba gani? Hiyo ni jezi yako, nayo iko kwenye begi!"

"Kafunga nani, basi?"

"Ndilo tunaloulizana!"

Mimi hesabu hazinipigi chenga. Kabla ya bao nilihesabu wachezaji wetu kumi na wawili. Ukungu ulipoinuka, walikuwa kumi na mmoja. Na yule wa ziada alikimbia kama nilivyokimbia mimi kabla ya kuumia.

Sikuomba tena kurudi. Nafasi yangu ilikuwa na mtu, naye alihitaji wa kumtangaza.

Babu yako wa Mazwi