Mteja Wako wa Morogoro

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo tuongee habari za Bi Rehema, yule mteja wako wa Morogoro, maana nimemwonea wivu mpaka basi, na wewe umeshalala kaburini pale Kwihara, huwezi kunikatiza.

Unakumbuka ulivyostaafu ualimu, ukajifunza mwenyewe kutengeneza programu ya kukagua tahajia za Kiswahili. Kila aliyekuandikia kuiomba ulimtumia kwa posta flashi yenye programu pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, ili akitaka aufungue na kuurekebisha. Na kila kifurushi ulikitia barua ya mkono wako. Mimi nikisogelea ile meza, "Usiguse, utaharibu." Nilipopata kazi Morogoro, nikikupigia simu unaniuliza kama mvua zimenyesha, kisha unampa mama simu. Wageni wapate kurasa mbili, mimi niulizwe mvua!

Basi na mimi nikaagiza. Nikajiita Rehema, nikatoa anwani ya ofisini, nikamwomba mwenzangu aniandikie, maana mwandiko wangu unaujua. Kifurushi kikaja, umekizungushia utepe wa gundi kila upande. "Mayu Rehema," ulianza, ukimwita mama kwa Kinyamwezi, kwa heshima zote. "Usione haya kuuliza. Ukikwama niandikie, mimi nipo." Niliisoma nimesimama palepale posta. Nikafungua msimbo, nikakuta umeacha maelezo kila mahali: hapa twende polepole, hapa hata mimi nilikosea. Nikawa nauliza, unajibu. Nilifurahi, baba, na furaha yenyewe ikawa inanichoma, kwa sababu ilikuwa ya Rehema.

Krismasi nikashuka stesheni ya Tabora, sikukuona. Mama akasema umepanda baiskeli kwenda posta, kuna mteja anasubiri toleo jipya. Nikajua ni nani. Mezani hukuwa na habari nyingine.

"Yule mama wa Morogoro ana akili! Kaona kosa kwenye msimbo, kalirekebisha mwenyewe. Wewe si uko hukohuko? Mtafute akufundishe."

Ala! Kosa nililiona mimi! Mama akaniuliza mbona sili. Nilitaka kusema, nikajitia kula. Niliogopa kwamba ukijua Rehema ni mimi, barua zitakoma, nibaki na mvua zangu. Nikamchukia yule mwanamke, na hata kuzaliwa hakuzaliwa.

Kisha ukaugua. Nikaomba likizo nije kukuuguza. Nikikuinua unywe uji, machozi yananitoka, na wewe: "Acha kulialia, funga hilo dirisha." Nafunga. Siku moja ukanituma nimwandikie Bi Rehema kwamba unaumwa. Nikasema sawa. Kila asubuhi ukawa unaniuliza kama amejibu, macho yako mlangoni, mpaka nikashindwa.

"Amejibu, baba."

"Anasemaje?"

"Analia."

Ukatabasamu. Tangu nije sikuwa nimekuona ukitabasamu.

"Maskini," ukasema. "Ana upendo yule."

Na mimi nilikuwa nimekushika mkono, baba, machozi yanadondokea shuka lako.

Pumzika sasa. Aliyelia ni mimi. Hakukuwa na mwingine.

Binti yako