Dada Anamlaani Aliyeweka Jina Lake Juu ya Habari

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia msalani hapa kazini kwa sababu nyumbani siwezi kuandika neno, dada yangu yuko sebuleni kutwa nzima na yeye ndiye ninayetaka kukueleza habari zake, kwa hiyo nivumilie maneno yakipandana.

Mimi ni mbunifu wa kurasa za tovuti ya gazeti, lile la kulipia ndipo usome, na mwaka jana nilipewa kazi ya kutengeneza kitufe cha kumtumia mtu habari, yaani wewe uliyelipia ukipenda habari unabonyeza, inamfikia rafiki yako anaisoma bure, na juu yake panaandikwa "Umetumiwa na fulani". Hilo jina ndilo lililoniponza. Mimi nilikuwa nimeweka mahali pa mtumaji kuchagua jina lionekane au lisionekane, lakini mkuu wa masoko alipoona mchoro akasema, "Toa hicho. Mtu hafungui kitu asichojua kimetoka kwa nani. Jina ndilo linaloleta wateja." Nikamwambia wengine wana sababu za kujificha. Akaniuliza, "Kwani wanatumiana habari au bangi?" Mkutano mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao, nikatoa.

Sasa dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa mwalimu wa hesabu na mlezi wa bweni katika shule ya mtu binafsi, na gazeti letu likaandika kwamba mwenye shule anafunga milango ya dharura ya mabweni kwa makufuli ili watoto wasitoroke. Dada alikuwa ameyapigia kelele makufuli hayo mpaka amechoka, kila akisema anaambiwa afundishe hesabu aachane na milango. Basi akaisoma ile habari, akabonyeza kitufe changu, akamtumia mzazi mmoja anayemwamini, akijua imefika kwa huyo tu. Yule mzazi kwa uchungu wa mtoto wake akaitupa kwenye kundi la wazazi wote, na kila aliyeifungua akakuta jina kamili la dada limekaa juu ya kichwa cha habari kana kwamba ndiye aliyeiandika. Mwenye shule naye akaifungua. Dada aliitwa katikati ya kipindi na hakurudi tena darasani, na kwa kuwa alikuwa anakaa nyumba ya shule, vyombo vyake vilitolewa nje wanafunzi wake wakiangalia. Wanasema ndiye aliyempa mwandishi siri, wakati hata sauti ya mwandishi huyo hajawahi kuisikia. Na makufuli yapo pale pale.

Nikamchukua, yuko kwangu. Anajua nafanya kazi gazetini ila anadhani kazi yangu ni kupanga picha. Kila nikirudi ananiuliza, "Mdogo wangu, hivi huyo aliyekaa kitako akaamua jina langu liwekwe pale, ana ndugu kweli? Alikuwa anafikiria nini?" Na mimi huku namenya viazi namjibu, "Watu hawana utu, dada."

Amepata mwanasheria, anataka kulishtaki gazeti. Leo asubuhi mkuu wa masoko kaniita, kanipa karatasi nitie sahihi, inasema kila mtumaji aliarifiwa waziwazi kwamba jina lake litaonekana. Kuarifiwa kwenyewe ni sentensi ya kijivu chini kabisa, niliiweka mimi, na mimi mwenyewe siisomi mpaka nivute simu karibu na pua. Nikikataa sina kazi, tutakaa wawili ndani tukiangaliana. Nikitia sahihi nimemzika dada. Nikimwambia ukweli atanichukia. Nianzie wapi?

Mbunifu


Marahaba, binti yangu.

Nimekuonea huruma mahali pamoja, pale ulipocheka mkutanoni. Wengi tumecheka kicheko hicho mbele ya wakubwa zetu, na kinauma kikirudi. Kwingine kote umenikera.

Umenieleza habari za kazi, sahihi na chuki ya dada yako, lakini hukusema popote kwamba kitufe hicho kimezimwa. Bila shaka hakijazimwa. Basi wakati wewe unalia msalani, yuko karani au muuguzi mahali fulani anabonyeza akidhani anamnong'oneza rafiki yake. Toka humo ndani. Mwendee mhariri mkuu, si huyo wa masoko, umwambie kitu hicho kinaumiza watu na kimeshamuumiza mmoja unayemfahamu. Wakikuambia usubiri, waambie hapana.

Karatasi usiitie sahihi. Wameileta kwako kwa sababu bila wewe uongo huo hauna miguu. Kazi inaweza kuondoka, sikufichi, na itakuwa shida kwelikweli. Lakini mshahara huo utakula na nani mezani?

Dada yako mwambie leo, kabla hamjala. Usianze na mkuu wa masoko. Usianze na "mimi mwanzoni nilipinga". Sema, "Dada, jina lako nililiweka mimi," kisha nyamaza. Atakachosema kipokee chote. Habari za bosi zingoje mpaka akiuliza mwenyewe. Na usilie kumzidi, kwa maana akianza kukubembeleza utakuwa umemnyang'anya hata hasira yake.

Chini ya barua yako ulinisihi, tena kwa herufi kubwa, nifute chochote kitakachofanya watu wakutambue. Nimefuta. Kwa hiyo usije ukaniambia hukujua mtu anataka nini anapotuma jambo zito.

Mwisho, hili hutapenda kulisikia. Huenda asikusamehe. Huenda akaondoka kwako hata kama hana pa kwenda. Akifungasha, usisimame mlangoni kumzuia ili wewe upate usingizi. Mbebee begi mpaka barabarani, ngoja naye mpaka apate usafiri, na kesho yake nenda kwa mwanasheria wake ukaeleze yote kwa kinywa chako, dada yako awe anaongea na wewe au haongei.