Betri za Kupigia Picha ya Kalenga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Volti 1.28 na 1.31. Betri mbili za nikeli-hidridi, zile za zamani. Nilizichaji jana tangu asubuhi mpaka umeme ulipokatika saa tisa. Nimeziweka kwenye kamera. Picha sita za ukuta, kisha alama nyekundu. Nimeandika sita.

Ndiyo kazi iliyobaki. Kukaa kitandani, kupima betri, kuandika namba. Miguu imevimba tena. Solange, binti yangu, ameniachia chai na mkate akaenda sokoni. Amesema nisitoke nje. Hajui kwamba siwezi kufika mlangoni.

Saa tano amekuja Mama Kalenga, jirani wa nyumba ya pili, na uji wake wa mahindi. Huja kila siku tangu nilipoanguka. Ameuliza: "Papa Prof, betri yako iko na nguvu leo?" Nimesema bado. Amesema: "Basi kesho. Minye siendi popote."

Sikumtazama usoni.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi kichwa kiko sawa. Niliandike jambo lenyewe.

Mama Kalenga ana picha moja ya mtoto wake wa kwanza. Kalenga aliishi siku tisa. Baada yake alizaa wasichana wawili, wazima, wako shuleni, lakini watu wa mtaa wetu wa Panda, hapa Likasi, bado wanamwita kwa jina la huyo wa kwanza. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto anaweza kuondoka, jina linabaki kwa mama.

Picha imekaa ukutani kwake miaka kumi na sita. Mvua zilizopita ziliingia kupitia bati. Sasa ukungu unaila. Umeanzia pembeni, umefika kwenye paji la uso. Anataka niipige picha upya, ikuzwe, iwekwe chini ya kioo kizuri. Nilimwambia aipeleke studio mjini. Akacheka. "Wale watoto wa studio wataiharibu. Weye ulipiga ya kwanza, weye utapiga na hii."

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na Jumamosi na Jumapili nilipiga picha za harusi, za ubatizo, za matanga. Kila mtu hapa anajua hivyo. Kila mtu anaamini kwamba picha ile ya Kalenga niliipiga mimi siku ya maziko.

Sikuipiga. Na aliye pichani si yeye.

Nimeandika.

Alhamisi, 5 Juni

Betri za kutupa, za sokoni, zile tunazoziita majiwe ya redio. Picha tatu. Kamera inavuta umeme mwingi kwa mara moja na hizi zinaishiwa pumzi. Kama mimi nikipanda ngazi.

Betri za nikeli-kadmiamu kutoka tochi ya zamani. Picha ishirini na nane, kisha zikazimika ghafla, bila kuonya. Zina tabia mbaya. Ukizichaji kabla hazijaisha, mara nyingi, zinazoea uvivu, zinatoa kidogo kuliko zinavyoweza. Na kadmiamu ni sumu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wasizitupe kwenye bustani.

Mama Kalenga ameniona na kipima volti mkononi. Amemwambia Solange mlangoni, nami nasikia: "Angalia vile anajisumbua kwa ajili ya mutoto yangu. Mungu amuone."

Naomba Mungu asinione.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ile. Niseme yote.

Mtoto alikufa alfajiri. Mama yake alikuwa bado hospitali, amepasuliwa, hawezi kusimama. Hata angeweza, wazee wa upande wa mume walikuwa wamekataa. Walisema mama wa uzazi wa kwanza akikanyaga kaburi la mwanawe tumbo litafunga, hatazaa tena. Hawakutaka kungoja, maziko yakapangwa kesho yake asubuhi. Jioni ile baba wa mtoto alikuja kwangu, macho makavu, akaniomba picha moja tu ya uso. Kwetu asiyefika makaburini huonyeshwa picha, ndipo alie vizuri. Bila picha kilio kinabaki ndani.

Asubuhi nilichukua kamera. Ndani yake betri za nikeli-hidridi nilizochaji karibu mwezi mzima uliotangulia. Aina ile huvuja. Ziache kwenye droo, zinajimaliza zenyewe, hasa zikizeeka. Nilijua. Nilikuwa nafundisha.

Makaburini walifungua kisanduku. Watu wakanipisha. Niliwasha kamera, lenzi ikatoka nusu, alama nyekundu, lenzi ikarudi. Nikajaribu tena. Nyekundu. Nikazitoa nikazisugua kwenye suruali, nikazirudisha. Nyekundu. Wote walikuwa wananitazama. Katekista alikuwa ameshika kitabu, anangoja.

Ningesema: betri zimekufa, nisameheni, nakimbia nyumbani. Maneno machache.

Nikainua kamera iliyokufa mpaka jichoni, nikabonyeza. Mara mbili. Nikasema tayari.

Wakafunga.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Nasikia nyimbo za parokia kutoka hapa. Solange amenishika mkono kabla ya kwenda misa.

Sehemu ya pili ni mbaya zaidi. Baada ya wiki mbili baba alikuja kuuliza picha. Nilikuwa na picha ya ubatizo wa familia moja ya Mulungwishi, kichanga amelala kwenye shuka jeupe. Nilikata pembeni mikono ya mama yake. Nikaipeleka kuchapishwa. Nikampa. Aliitazama muda mrefu, akasema "aksanti, Prof", akaipeleka hospitali.

Yeye alimwona mtoto wake siku tisa. Sijui kama alijua. Mwanaume mwenye huzuni anaona anachopewa. Mama alikuwa na homa siku zote zile, mtoto yuko kwenye chumba kingine, aliletewa mara moja, amefunikwa, akiwa nusu usingizini. Kwa hiyo picha ikawa ndiyo uso.

Baba alikufa Kakanda, kwenye shimo la mgodi, miaka mitano baadaye. Bibi wa mtoto na wazee waliokuwa makaburini wamekufa pia. Katekista alihamia mbali, sijasikia habari zake.

Niliungama kwa padri. Nikasema: nilisema uongo kazini. Sikusema uongo gani. Akanipa Salamu Maria tano. Nilizisali zote nikiwa najua kwamba nimemdanganya na padri.

Jumatatu, 9 Juni

Mkwe wangu wa Kolwezi aliniletea wakati wa Pasaka betri nne mpya. Nikeli-hidridi pia, lakini aina isiyovuja. Zilikaa kwenye droo hadi leo, sikuzigusa. Volti 1.32 bila kuchajiwa. Nimeziweka mbili kwenye kamera. Ukuta, dirisha, blanketi, ukuta. Nimeacha kwenye picha ya mia moja na arobaini kwa sababu kidole kimechoka. Betri hazikuchoka.

Kwa hiyo jibu ninalo. Betri hizi zingepiga picha siku ile.

Nimekaa nikijifariji kwa hilo kama saa nzima. Kosa la betri. Kosa la kiwanda. Umeme wa Likasi unaokatwa kila siku.

Uongo tena. Usiku wa kabla ya maziko umeme ulikuwepo. Chaja ilikuwa mezani. Soketi ni moja, nilichomeka redio nikasikiliza mpira.

Mama Kalenga amekuja. Ameuliza. Nimesema betri bado. Nimezifunika na mto.

Jumanne, 10 Juni

Sikulala vizuri. Pumzi fupi. Daktari alimwambia Solange jambo barabarani wiki iliyopita, na tangu hapo anapika kuku.

Ukungu umefika jicho la kushoto. Mama Kalenga ameileta picha ndani ya kitenge, ameiacha juu ya meza yangu ili nikiwa tayari nisimsubiri. Mtoto wa watu ananitazama akiwa amefumba macho.

Nikiipiga, itakuwa uongo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, chini ya kioo. Wasichana wake watairithi. Nisipoipiga, lazima niseme sababu.

Kuna njia ya tatu. Tochi ya kichwa ya Solange ina betri mbili za lithiamu. Umbo lake ni sawasawa na hizi zangu, zinaingia mlemle. Lakini kila moja ina 4.1 kwenye kipimo. Mbili zikifuatana zinapita 8. Kamera inataka 3. Miaka thelathini na moja nimewaambia wanafunzi: umbo si kitu, angalia volti.

Hizi ndizo bora kuliko zote. Nyepesi, haziishi upesi, hazivuji. Zinaua tu kile ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya. Saa nne asubuhi. Mlio mdogo kama kuvunja kiberiti, harufu ya plastiki, kioo cha nyuma kikawa cheupe kisha cheusi. Nimezitoa haraka. Vidole vimeungua kidogo.

Kamera imekufa kabisa. Nilitegemea kuona nafuu.

Amekuja saa tano. Nimemwonyesha. Nimesema nilikosea betri. Hata hapo sikusema ukweli.

Ameichukua kamera, ameigeuza, ameinusa. Nilidhani atalia. Ameketi ukingoni mwa kitanda, akashika vidole vyangu vilivyoungua akavipuliza. "Pole, Papa Prof. Mashine nayo inakufaka. Usijiue moyo. Picha iko, weye uko, tutatafuta ingine."

Sikuweza. Nimegeukia ukutani. Yeye akadhani ni maumivu ya kamera.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia.

Nilianza kabla hajaketi, kwa sababu akiketi nisingeweza. Nilisema yote kwa mfuatano, kama somo. Betri. Alama nyekundu. Kubonyeza mara mbili. Picha ya Mulungwishi. Redio pia.

Alikuwa ameshika bakuli la uji. Aliliweka chini polepole, akalipangusa ukingo na kidole.

"Na huyu ni nani?"

Mtoto wa watu.

"Naye alikufa?"

Hapana. Alikuwa amelala.

"Iko muzima?"

Sijui. Atakuwa na miaka kumi na sita kama yuko.

Akaitazama picha. "Miaka kumi na sita minye namusalimiaka huyu kila asubuhi."

Nilisubiri anitukane. Ningelipokea. Badala yake akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea, na ndicho kitakachonizika. Akasema: "Baba yake hayuko. Bibi hayuko. Weye peke yako ulisimama pale, kisanduku wazi. Basi niambie. Sura yake ilikuwa namna gani?"

Nilifungua mdomo.

Sikuona. Nilisimama hatua moja kutoka kwa mtoto yule na sikumwona. Nilikuwa natazama alama nyekundu. Kisha nilikuwa natazama watu kama wananishtukia. Uso wa Kalenga sina.

Ningeweza kubuni. Neno moja: alifanana na wewe. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Nimesema: sikuangalia, mama. Niliangalia betri.

Akasimama. Akatoka. Picha imebaki mezani, uji chini.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuja.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuja. Solange ameuliza mmegombana nini. Nimesema nimemkosea. Amesema: "Mtu hawezi kukosea sana akiwa kitandani, papa." Hajui jinsi mtu anavyoweza.

Natafuta. Nafumba macho narudi makaburini. Udongo mwekundu, baridi, koti la katekista. Kisanduku. Najaribu kushusha kamera kutoka jichoni. Haishuki. Naona alama nyekundu tu.

Kila ninachokipata nakitilia shaka. Nywele nyingi? Hizo ni za mtoto wangu mwenyewe. Midomo? Hiyo ni ya kwenye picha ya Mulungwishi. Mwenye akili anajua jinsi kumbukumbu inavyojaza tundu.

Jumatatu, 16 Juni

Kitu kimoja. Kimekuja wakati Solange ananinywesha dawa, nilipokuwa sikitafuti.

Kabla ya kuinua kamera mara ya mwisho nilikuwa nimeinama kuokota betri moja iliyoanguka. Nikiwa chini, macho yangu yalikuwa sawa na kisanduku. Mguu mmoja ulikuwa umetoka kwenye nguo. Mdogo, umekunjwa vidole. Baba yake aliushika, akaushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaurudisha ndani ya shuka.

Nimejiuliza mara tatu kama nabuni. Sibuni. Betri ilianguka kweli, nilikuwa na udongo kwenye goti nilipofika nyumbani, mke wangu alinipangusa.

Nimemwomba Solange amwite. Amerudi peke yake.

Jumatano, 18 Juni

Amekuja leo mchana, mikono mitupu. Alisimama mlangoni. Alisema: "Solange anasema uko na neno. Sema. Lakini usiniongezee kitu."

Nikamwambia mguu. Vidole vilivyokunjwa. Mkono wa mume wake. Shuka. Si zaidi ya hapo. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri.

Nilisikia watoto wa shule wakipita barabarani.

Kisha akauliza: "Mguu gani? Wa kuume ao wa kushoto?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli.

"Sijui, mama."

"Sawa," alisema.

Alikuja mpaka mezani, akaiviringisha picha ndani ya kitenge, akaichukua. Alitoka bila kuaga. Kupitia dirishani nilimwona uani kwake, amesimama karibu na kamba ya nguo, hatazami popote. Kisha akaanza kuanua nguo za wasichana, moja moja, akizilaza begani.