Neno la Fundi na Risasi ya Tano

Baba yangu mpenzi,

Salamu nyingi huko uliko, chini ya mti wa mkilifi, ubavuni mwa mama. Sisi tuliobaki hatujambo, ila mimi na nduguyo Ami Hamadi hatusemezani, na nusu ya mtaa wetu wa Kuze hunipita mlangoni kama hawanioni. Nakuandikia mapema, kabla hujaletewa habari na wengine, maana umbeya wa mji huu nashuku hauishii makaburini.

Nimelitangua neno lako. Nimelitangua mchana kweupe, mbele ya wanaume, na sijuti.

Unakumbuka siku za kwenda Kisauni? Mama alipofariki, ndugu yangu mdogo Badi alichukuliwa na nyanya, mimi ukakataa kunitoa. Kila mtu aliyekuletea bunduki uipime, wewe ulinichukua tukavuka maji pamoja hadi shambani kwetu, bunduki imeviringwa kikoi na kulazwa mapajani mwangu kama mtoto. Ulitundika kibao chini ya mti wa mkanju, mbele ya kile kichuguu, na katikati yake ukapiga duara la masizi kwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Kisha ulirudi hadi kisimani, ukasema bismillahi, ukapiga risasi moja. Moja tu. Mimi nilikimbia kukuletea kibao, nawe ukatia kidole tunduni ukatikisa kichwa, na mpaka leo harufu ya baruti ikinipitia natamani kukimbia.

Baada ya alasiri mwenye bunduki alikuwa akikungoja barazani, kahawa imepoa mkononi. Ulisema "yafaa" au "haifai," basi. Hapo ndipo bei ya bunduki ile ilipokatwa kwa mji mzima, na hata Wahindi wa madukani hawakuibishia.

Siku moja nilikuuliza kwa nini huongezi risasi ya pili. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Gobori lina neno moya tu, mwanangu. Likikosa hilo, mwenyewe ni mbio au ni shahada." Ndivyo babako alivyokufundisha, naye alifundishwa na babake, wote mafundi wa magobori yanayoshindiliwa mdomoni. Risasi ya bismillahi ndiyo ushahidi, na neno la fundi likishatoka halirudi. Nilicheka na wewe. Sikuona kosa lolote, na nani angeliona?

Kisha zikaja bunduki fupi za komeo. Reli ilipoanza kupeleka Wazungu bara kuwinda, kila mwenye shamba lenye nguruwe na kila kijana aliyetaka kuajiriwa na misafara alitaka bunduki ya namna hiyo: haikwami vichakani, haisumbui mtumbwini, na unavuta komeo, unasukuma, risasi nyingine iko tayari. Ami Hamadi aliziita bunduki za kike kwa kuwa hazina mlio wa kutikisa madirisha siku ya harusi. Wewe ulizipenda. Ulikuwa umekwisha kuzeeka, lakini ulizitandaza mkekani ukazitazama kama bwana harusi!

Zilikuwa tatu, tukazijadili mpaka chai ikaota utando. Ya Kiingereza komeo lake lilikuwa jepesi kuliko zote, na risasi zake zilipatikana hata kwa muuza vitunguu, lakini shabaha yake ilikuwa ya kuridhisha tu. Ya Kijerumani ilikuwa nzito, komeo gumu, risasi zake mpaka zitoke Tanga, na bei yake ilimfanya mtu aulize mara mbili; lakini ikipiga, imepiga. Ya tatu ilikuwa mpya, ambayo Bwana Swaleh, mwenye duka wa Ndia Kuu, aliletewa kasha zima. Nyembamba, tamu begani, na ubao wake umeufunika mtutu tangu kitakoni mpaka mdomoni. Mimi ndiye niliyeipa jina la Kanzu, nawe ukalikubali.

Uliipima Kanzu katikati ya kaskazi, ardhi imekauka inapasuka. Bismillahi, risasi moja, na tundu likakaa katikati ya duara kana kwamba umelitoboa kwa msumari. Barazani hukusema "yafaa" peke yake kama desturi yako. Ulisema, "Hii yazishinda zote mbili, na bei yake ni nusu." Watu walisimama. Bwana Swaleh alikubusu mkono. Kaskazi haijesha, ukatuacha.

Karakana sikuifunga, baba. Mlango wa mbele umerudishwa, na kazi naifanya mimi ukumbini. Wateja husema Badi ana mkono mzuri, na Badi huitikia asante, ilhali akishika tupa hukwaruza mpaka kucha zake. Tumecheka sana kwa jambo hilo, mimi na yeye.

Masika yalipoingia, akaja mtu wa Bondeni na Kanzu yake imefungwa hirizi. Alisema imerogwa, inatupa kushoto. Amemkosa nguruwe mkubwa kama punda. Haukupita muda akaja mwingine na neno lilelile, naye anamtuhumu jirani kwa jicho baya. Nikamfungulia Kanzu yake. Nikajaribu kupitisha karatasi nyembamba kati ya mtutu na ubao, ikagoma. Ubao ulikuwa umekunywa unyevu wa masika ukavimba, unaubana mtutu kama kanzu ya mwaka juzi inavyombana mtu aliyenenepa. Risasi ya kwanza mtutu ukiwa baridi huenda sawa. Chuma kikipata moto kinataka kutanuka, ubao haukipi nafasi, basi kinapinda kidogo, na kidogo hicho hapo bundukini ni hatua nzima kule kwa mnyama.

Uliipima wakati wa kiangazi, tena kwa risasi moja. Ulisema ulichokiona. Sikulaumu kwa hilo, na sitaki mtu adhani nakulaumu.

Nikaenda dukani kwa Bwana Swaleh na buibui langu, nikamkuta anamwambia mteja, "Hii ina neno la marehemu fundi mwenyewe, Mola amrehemu." Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, babako alinena mbele za watu. Wewe ulinena wapi?" Wanaume waliokuwa pale wakacheka. Nikarudi nyumbani na hasira zangu, na huenda ningekaa nazo kama wanawake wengine wanavyokaa na zao.

Lakini jioni ile Badi aliingia anang'ara. Ameajiriwa na msafara wa Wazungu, awe mpigaji wao wa akiba, wanapita Voi kwenda kutafuta simba na nyati. Na begani, baba, alikuwa na Kanzu.

Nikamwambia airudishe. Akaniuliza, "Dada, wewe wamshinda baba kwa lipi?" Nikamwonyesha karatasi inavyogoma. Akasema karatasi si mnyama. Nikalia mbele yake, nami unanijua silii ovyo. Akanishika bega akasema kwa upole, "Hii ndiyo bunduki aliyonichagulia yeye. Yuko nami nikiibeba." Kijana amefiwa, amepata kitu cha kushika.

Basi nikafanya lisilofanywa. Baada ya sala ya Ijumaa nilisimama pale barazani kwako, pale pale ulipokuwa ukikaa, nikasema kwa sauti kwamba neno la Fundi Omari juu ya Kanzu lipimwe upya, Kisauni, na kila mwenye mato aje aone. Ami Hamadi alinyanyuka mpaka kofia ikamwanguka. "Wataka kumvua nguo babako kaburini?" Bwana Swaleh akasema, "Mwacheni. Tutaona." Alijiamini, naye alikuwa na haki ya kujiamini, maana aliliamini neno lako kuliko nilivyoliamini mimi.

Siku ya kupima kukapambazuka na manyunyu. Kibao chini ya mkanju, duara la masizi, kisima kilekile. Badi ndiye aliyepiga, nilitaka mkono wake ili pasiwe na wa kusema ni mkono wa mwanamke. Bismillahi. Risasi ya kwanza ikaketi katikati ya duara. Wanaume wakapiga takbiri wakaanza kukunja mikeka, kwa sababu kwa desturi kazi imekwisha.

"Ngojeni," nikasema. "Nyati hafi kwa desturi. Endelea, Badi."

Ya pili ikagusa ukingo wa masizi. Ya tatu ikala pembe ya kibao. Ya nne na ya tano zikaingia kwenye kichuguu, kushoto, na udongo ulioruka tukauona sote. Bwana Swaleh akasema mkono wa kijana umetetemeka. Nikampa Badi ya Kiingereza, mkono ule ule: tano zote kibaoni, zimetawanyika kama vidole. Nikampa ya Kijerumani: tano zote ndani ya duara la kikombe. Mkono haukuwa na lawama.

Hakuna aliyenipongeza. Bwana Swaleh alitazama viatu vyake. Ami Hamadi alinisogelea akaniambia, "Leo umemuua ndugu yangu mara ya pili."

Nikamjibu hivi, nawe nataka unisikie: "Babangu hakupata kulala na uongo maisha yake yote. Sitamlaza nao mimi."

Badi alichukua Kanzu yake akapanda mtumbwi wa kwanza bila kunitazama.

Tangu siku hiyo ndiyo hali niliyokwambia. Wanasema binti amekosa radhi. Wanasema fundi alizaa mwiba. Waseme. Nani alinifundisha kutazama tundu kabla ya kutazama uso wa mwenye bunduki? Ni wewe. Ulinipa jicho, kisha mji unataka nilifumbe kwa heshima yako. Nakupenda, baba, nakukumbuka mpaka nasikia kikohozi chako ngazini, na bado nasema ulikosea. Mambo mawili haya yanakaa moyoni mwangu bila kugombana. Wanaogombana ni wao.

Siku mbili kabla ya treni kuondoka, Badi aliingia ukumbini nikiwa peke yangu. Hakunisalimu. Aliiweka Kanzu mezani akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo. Nilitoa mtutu, nikachukua patasi yako ndogo yenye mpini wa mpingo, nikaukwangua ubao ndani taratibu, napuliza, nakwangua, mpaka karatasi ikapita kutoka mdomoni hadi kwenye komeo bila kugusa popote. Kisha nikaupaka nta ya nyuki usinywe tena maji. Bunduki ile haikuwa mbaya, baba. Bei yake ilikuwa nusu kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa haijafanywa. Jicho lako halikudanganyika sana.

Nikampa. "Ipige tano," nikamwambia.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Bunduki ya babangu hupigwa moya," akasema, akatoka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa darini naanika nguo. Chini barazani Ami Hamadi alikuwa na wenziwe na kahawa yao. Mlio ukatoka ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni. Mmoja. Nikangoja, nguo imenilowesha mikono. Kimya. Nikasikia Ami akisema, "Alhamdulillahi, kijana ana adabu." Nikakaa chini pale juu ya dari, nikaona nimempoteza ndugu na ninampeleka bara na bunduki ambayo hakumaliza kuipima.

Kisha ukaja wa pili. Nikasimama. Wa tatu. Wa nne ukachelewa, nadhani alikuwa akifuta mato. Wa tano ukavuka maji ukaja ukagonga kuta za Mji wa Kale, na barazani vikombe vya kahawa vikawekwa chini.

Adhuhuri Badi aliingia na kibao kwapani. Alikiweka mezani mbele yangu, kama nilivyokuwa nikikuwekea wewe. Nikatia kidole tunduni. Vikaingia viwili, kwa namna risasi zote tano zilivyokaribiana.

Keshapanda treni. Siombi radhi kwako, kwa sababu naamini sikuipoteza. Kama una hasira, niwekee. Tutakapoonana utanisomea zote nami nitakaa kimya mpaka umalize. Ila kwanza nitakukabidhi kile kibao, uweke kidole chako mwenyewe.

Mola akulaze pema.

Ni mimi bintiyo, niliyekuwa nikikimbia kukuletea vibao.