Suruali ilivyomvuka shangazi dukani

Shosti, acha ulichoshika. Suruali imemvuka shangazi katikati ya duka!

Si unajua kazi yake ya ukunga, anavyowafuata wajawazito majumbani kwa pikipiki? Na wembamba wake unaujua. Mwezi uliopita alianguka akachubuka goti vibaya, leo akasema yatosha, ananunua suruali ya pikipiki yenye vikinga vya magoti.

Muuzaji, na kitambi chake, akampandisha na kumshusha kwa macho. "Mama, pikipiki unaendesha au unabebwa?"

UNABEBWA! Shangazi yangu mimi!

Akampa suruali ya kuingia watu wawili. Shangazi akaivaa, akapiga magoti sakafuni. Vikinga viko kwenye ugoko! "Sasa nikianguka nitangulize nini?" Jamaa anacheka. "Si unenepe kidogo!"

Eti anenepe. Shangazi akainuka kwa hasira, suruali ikabaki chini. Kasimama na taiti mbele ya wateja.

Unadhani aliinama kuiokota? Wapi! Aliiruka kama dimbwi. "Hii imeshindwa kushika kiuno nimesimama tu. Lami itaiweza?"

Wateja hoi kwa kicheko. Jamaa akaenda stoo mbio, akarudi na saizi ndogo kabisa, yenye mikanda ya kukaza pembeni. Kumbe ilikuwepo muda wote! Shangazi akaikaza, akajitupa kwa magoti, pu! Hata uso hakukunja.

Jamaa sasa kapoa. "Imekukaa, mama?"

"Suruali imenikaa, mwanangu. Mdomo wako ndio unapwaya."